Kubakiza Pumzi: Mazoezi ya Mwili katika Sira na Fiqhi, na Funzo la Mkimbiaji wa Majita

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Ama baad.

Baada ya darsa ya Alasiri hapa Musoma, mzazi mmoja kutoka Bunda alinijia na swali. Mwanawe wa miaka kumi na mitano anahifadhi Qur'ani, na wakati huo huo shule yake imemteua kukimbia mbio ndefu katika mashindano ya UMISSETA. Ustadhi wake amemwambia achague: msahafu au viatu vya mbio, kwani mbio ni lahau, na lahau humla mtu umri wake. Mzazi akaniuliza, "Sheikh, ni kweli?"

Sikumjibu siku ile. Niliomba muda, na sababu yake naisema wazi. Zamani kidogo kijana mwingine aliniuliza swali hilo hilo, nami nikamjibu kama alivyojibu ustadhi yule, bila kufungua kitabu. Kijana akaacha mbio. Haukupita mwaka akaacha na madrasa. Kwa hiyo makala haya ni deni. Nimerudi vitabuni kutazama watangulizi wetu waliufanyia nini mwili, na kisha nikatazama historia ya mkoa wetu huu wa Mara, ambao ulimtoa mmoja wa wakimbiaji wakubwa wa nchi hii.

Neno lenyewe

Tuanze na lugha. Neno letu "riadha" limetoka katika Kiarabu, riyadha, ambalo asili yake ni kumzoeza mnyama, hasa mwanafarasi, mpaka alainike na kumtii mpandaji. Baadaye wanazuoni walilichukua neno hilo na kulitumia kwa nafsi. Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria) ameweka katika Ihya kitabu kizima juu ya riyadha ya nafsi. Maana inayounganisha matumizi yote mawili ni moja: kukizoeza kitu kidogo kidogo, kwa mpango, hadi kiweze kile ambacho jana hakikukiweza. Kwa maana hii, mwenye kuhifadhi juzuu moja baada ya nyingine na mwenye kuongeza umbali wa mbio wiki baada ya wiki wote wawili wako katika riadha.

Hapa inafaa kusahihisha jambo. Wengi wetu tukitaka kuhimiza mazoezi hukimbilia Hadithi ya Abu Huraira (r.a.) aliyoipokea Muslim, kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu. Imam Nawawi alipoisherehesha alisema nguvu iliyokusudiwa ni azma ya nafsi katika mambo ya Akhera. Nguvu za mwili zinaweza kuingia humo kama chombo cha azma hiyo, lakini Hadithi hii peke yake haitoshi kuwa hoja ya misuli. Ushahidi ulio wazi zaidi uko mahali pengine, katika matendo yenyewe ya Mtume (s.a.w.) na Maswahaba wake.

Mbio za Salama bin Akwa'

Salama bin Akwa' (r.a.) alikuwa mtembea kwa miguu asiyeshikika. Katika tukio la Dhu Qarad, watu wa Ghatafan walipopora ngamia wa Mtume (s.a.w.), Salama aliwafukuza kwa miguu, yeye peke yake, akiwarushia mishale, hadi wakaacha ngamia wote na juu yake wakatupa nguo na mikuki ili wawe wepesi wa kukimbia. Wapandaji farasi wa Madina walifika baadaye. Mtume (s.a.w.) akamsifu kuwa ndiye bora wa askari wa miguu siku ile. Wanahistoria wengi huliweka tukio hili mwaka wa 6 Hijria. Upokezi wa Bukhari na Muslim unaliweka siku tatu kabla ya safari ya Khaybar.

Lakini kinachotuhusu zaidi kilitokea njiani wakati wa kurudi. Salama alikuwa amepakiwa nyuma ya Mtume (s.a.w.) juu ya ngamia wake aitwaye Adhbaa. Katika msafara alikuwamo mtu wa Answar ambaye hajawahi kushindwa kwa mbio, naye akawa anaita: nani atashindana nami mpaka Madina? Salama akamuomba Mtume (s.a.w.) ruhusa, akaruhusiwa. Akaruka chini, akakimbia.

Sasa tusikilize namna alivyokimbia, kwa maana Salama mwenyewe ameisimulia na Muslim ameipokea katika Sahihi yake. Hakutoka kwa kasi yake yote. Alijizuia kwa mwinuko mmoja au miwili, akibakiza pumzi yake. Kisha akakimbia nyuma ya mwenzake. Kisha akajizuia tena kwa mwinuko mmoja au miwili. Halafu ndipo akaachia kasi, akamfikia, akampiga baina ya mabega na kumwambia kwamba ameshashindwa. Akamtangulia kufika Madina.

Ndugu msomaji, hili ni somo kamili la ufundi wa mbio. Salama alijua mambo matatu: pumzi ni akiba na akiba humalizika, panapopanda mlima ndipo akiba huliwa haraka, na mshindani wa mbele hutazamwa, hakimbiliwi kwa pupa. Na haya yote yamehifadhiwa katika kitabu chetu kilicho sahihi baada ya Bukhari, yakasimuliwa kwa isnadi, kizazi hadi kizazi. Kama mbio zingekuwa lahau tupu, Mtume (s.a.w.) asingetoa ruhusa, na wapokezi wasingejishughulisha kuhifadhi mahali ambapo mkimbiaji alivuta pumzi.

Farasi wa Madina

Ushahidi wa pili ni Hadithi ya Ibn Umar (r.a.) iliyo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliandaa mashindano ya farasi. Wale waliokuwa wameandaliwa aliwashindanisha kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul-Wada'a. Wale ambao hawakuandaliwa aliwashindanisha kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq. Sufyan ameeleza kuwa masafa ya kwanza ni maili tano au sita, na ya pili ni maili moja. Ibn Umar mwenyewe, akiwa bado kijana, alikuwa miongoni mwa walioshindana.

Kuandaliwa huko huitwa tadhmir. Ibn Hajar ameeleza katika Fat'hul-Bari: farasi hulishwa vizuri mpaka anenepe na kupata nguvu, kisha chakula chake hupunguzwa kwa kiasi cha kumtosha tu, huingizwa bandani na kufunikwa matandiko mpaka atokwe jasho, nyama yake ikapungua na uwezo wake wa kukimbia ukazidi.

Tuitafakari tofauti ile ya masafa. Asiyeandaliwa hakuzuiwa kushindana, ila hakutupwa pamoja na walioandaliwa. Alipewa maili moja. Huu ndio uadilifu, na ndio ujuzi pia, kwa sababu mwili usiozoezwa ukibebeshwa masafa ya mwili uliozoezwa huumia. Ni mara ngapi tunaona shuleni watoto wote wakipangwa mstari mmoja, aliyeshiba na asiyekula, mzoefu na mgeni, wakaamriwa kukimbia umbali mmoja? Kisha aliyeanguka akachekwa.

Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria) alikuja kuliandika jambo hili kwa lugha ya tiba katika Zadul-Ma'ad. Amesema kila kiungo kina riyadha yake inayokifaa, na kiungo kizoezwacho sana hupata nguvu, hasa katika aina ile ile ya zoezi. Zoezi la wastani kwake ni lile linalowekundisha ngozi na kuulowesha mwili kidogo. Likifikia jasho la kutiririka, limevuka mpaka. Wakati wake ni baada ya chakula kusagika tumboni. Kipimo hicho ni cha mtu wa kawaida anayetafuta afya, si cha mwanariadha anayejiandaa kwa mashindano, lakini misingi yake miwili, kwamba kila zoezi hujenga kile linachokizoeza na kwamba kuna kupita kiasi, ingali inafundishwa na makocha hadi leo.

Na juu ya kupita kiasi tuna Hadithi ya Abdullah bin Amr (r.a.) katika Bukhari. Yeye alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume (s.a.w.) akamkataza, akamjulisha kuwa mwili wake una haki juu yake, na jicho lake lina haki. Ikiwa ibada yenyewe iliwekewa mpaka kwa ajili ya haki ya mwili, basi mazoezi yana haki zaidi ya kuwekewa mpaka.

Mkimbiaji wa Majita

Sasa tutoke Madina tuje katika ardhi yetu. Majita iko kando ya ziwa, katika wilaya ya Musoma. Huko ndiko alikozaliwa Suleiman Nyambui mwaka 1953. Tarehe 1 Agosti 1980, mjini Moscow, alikimbia fainali ya mita 5,000 ya Michezo ya Olimpiki. Aliyeshinda ni Miruts Yifter wa Ethiopia kwa dakika 13 na sekunde 21.0. Nyambui alimaliza wa pili kwa dakika 13 na sekunde 21.6. Kilomita tano, na tofauti haifiki sekunde moja.

Siku moja kabla yake, Filbert Bayi, Mtanzania mwenzake, alipata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mbio hizi mbili zikiwekwa pamoja zinaifundisha habari ya Salama kuliko maelezo mengi. Bayi alikuwa mkimbiaji wa kutangulia. Mwaka 1974 kule Christchurch alitangulia tangu mwanzo hadi mwisho wa mita 1,500 na kuweka rekodi ya dunia. Moscow alitangulia vile vile, akawaacha wenzake mbali, lakini katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita. Yifter kwa upande wake alisifika kwa kuificha kasi yake hadi mwisho wa mbio, na Nyambui alikuwa karibu naye mpaka mstarini. Kutangulia kumewahi kumpa Bayi ushindi mkubwa, kwa hiyo hatusemi ni kosa. Tunachosema ni kwamba kila namna ina bei yake ya pumzi, na mkimbiaji mwenye elimu ndiye anayeijua bei hiyo kabla ya kulipa.

Haki ya historia inatutaka tuseme pia kwamba mataifa mengi, Marekani na jirani zetu Kenya wakiwamo, yalisusia michezo ile. Hata hivyo Nyambui alithibitisha uwezo wake baadaye. Mwaka 1981 aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 za ukumbini. Alishinda mbio za marathoni za Berlin mwaka 1987 na tena 1988, na za Stockholm mwaka 1988. Medali zile mbili za Moscow ndizo pekee ambazo Tanzania imepata katika Olimpiki. Na tarehe 15 Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alipoipatia nchi yetu dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha, alimshinda mpinzani wake Mjerumani katika hatua za mwisho kabisa za marathoni, wote wawili wakiandikiwa muda mmoja wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilomita arobaini na mbili, na kilichoamua ni pumzi iliyobakizwa.

Mas'ala ya fiqhi

Kwanza, hukumu ya mbio za miguu. Zikiwa hazina dau, wanazuoni wamekubaliana kuwa zinajuzu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alishindana na bibi Aisha (r.a.), kama ilivyopokewa na Abu Daud na Ahmad. Mara ya kwanza bibi Aisha alimshinda, baadaye alipoongezeka mwili, Mtume (s.a.w.) akamshinda, akamwambia kwa mzaha kuwa hii ni kwa ile. Katika upokezi mmoja aliwaambia watu watangulie kwanza. Humo mna dalili kwamba mwanamke naye ana fungu lake katika mazoezi, kwa sitara na faragha.

Pili, dau. Hadithi ya Abu Huraira (r.a.) katika vitabu vya Sunan imeishia kwenye ngamia, mishale na farasi. Kwa hiyo kwa Mashafii qauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa haifai kuweka dau katika mbio za miguu, na Mahanafi wameruhusu. Ama kila mshindani kutoa fedha yake ili mshindi azoe zote, hiyo ni kamari katika mchezo huu. Zawadi inayotolewa na mtu wa nje, kama shule au serikali, wanazuoni wengi wa zama hizi wameikubali, kwa kuwa hakuna mshindani anayehatarisha mali yake.

Tatu, saumu. Michezo ya Moscow iliangukia ndani ya Ramadhani ya mwaka 1400 Hijria, na ile ya London mwaka 2012 iliangukia ndani ya Ramadhani ya 1433. Vijana wetu wanasikia kuwa msafiri ana ruhusa ya kufungua, nayo ni kweli kwa aya ya 184 ya Suratul-Baqara. Lakini katika madhehebu ya Imam Shafii, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, amekwisha kuwa mkazi. Kwa Imam Abu Hanifa ni siku kumi na tano. Kwa hiyo mwanariadha anayekaa kambini wiki mbili amuulize mwanazuoni wake kabla ya kupanda ndege, asijitolee fatwa. Na aliyeko mji wake, mchezo peke yake kwa wanazuoni wengi si udhuru. Abadilishe saa ya mazoezi, kwa mfano baada ya kufuturu.

Nne, udanganyifu. Aliyepata shaba nyuma ya Nyambui, Kaarlo Maaninka wa Finland, alikiri baadaye kuwa aliongezewa damu kabla ya mashindano. Kanuni za wakati ule zilikuwa hazijalikataza jambo hilo. Leo limekatazwa, pamoja na dawa nyingi. Kwa sheria yetu hayo yanakusanya makosa mawili, ghushi na kuudhuru mwili, na kila moja linatosha kuharamisha.

Tano, kushindwa. Adhbaa, yule ngamia wa Mtume (s.a.w.), alikuwa hashindwi. Siku moja Bedui akaja na ngamia wake mchanga akamshinda, na Waislamu wakaumia nyoyo. Anas (r.a.) amesimulia katika Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) aliwafahamisha kuwa ni haki ya Mwenyezi Mungu kutokinyanyua kitu chochote cha dunia ila atakishusha. Mkimbiaji akilielewa hili, hatavimba kichwa akishinda wala hatazikwa na huzuni akishindwa.

Miguu ya watu wa Mara

Mazoezi hayakuwa ya wakimbiaji peke yao. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha na kuhudhuria mkutano wa TANU. Wazee wetu hawakuona ajabu ya mtu kutembea. Ndivyo walivyokwenda mnadani, shambani na msibani. Leo kutoka nyumbani hadi msikitini, mwendo wa dakika kumi, tunaita bodaboda. Kisha tunashangaa presha na kisukari vinavyowaingia maimamu na walimu wa madrasa, watu ambao kazi yao ni kukaa. Nimewaona wenzangu wa rika langu wakiswalisha kwa kukaa kitini. Mwenye udhuru hana lawama, lakini udhuru mwingine tumeulea wenyewe.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na mtoto dakika 60 kwa siku. Anayetembea kwa haraka kwenda na kurudi msikitini, dakika kumi na tano kila upande, siku tano kwa wiki, amekwisha kuzitimiza 150, na juu yake ana thawabu za hatua.

Na sisi tulio kando ya ziwa tukumbuke kuogelea. Maneno maarufu yanayotajwa kuwa ni Hadithi, ya kuwafundisha watoto kuogelea, kurusha mishale na kupanda farasi, hayakuthibiti kwa Mtume (s.a.w.) kwa tamko hilo. Kilicho katika Musnad ya Imam Ahmad ni barua ya Umar bin Khattab (r.a.) kwa Abu Ubaida, akiamrisha vijana wafundishwe kuogelea na wapiganaji wafundishwe kurusha mishale. Agizo la Umar latosha kutuamsha sisi ambao watoto wetu huingia ziwani bila mwalimu.

Jibu

Nimemwita mzazi yule nikamjibu hivi. Mwanao asiache mbio wala asiache msahafu. Ahifadhi baada ya Alfajiri, wakati akili ni safi, na akimbie baada ya Alasiri, arejee kabla ya Magharibi. Asikose swala ya jamaa kwa ajili ya mazoezi. Bukta yake ifunike tangu kitovu hadi chini ya magoti. Aanze na maili moja ya asiyeandaliwa, kisha aongeze kidogo kidogo, kwani amali ipendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo. Ale kwa kiasi, alale mapema, apumzike siku ambayo mwili umemwambia upumzike. Na ustadhi wake nitamwendea mwenyewe, kwa adabu, niwe wa kwanza kumwambia kwamba nami niliwahi kukosea pale pale alipokosea yeye.

Ama yule kijana wa kwanza, sijui leo yuko wapi. Kama makala haya yatamfikia, naomba anisamehe, na mlango wa madrasa uko wazi. Walimu wenzangu, tusiwalazimishe vijana kuchagua baina ya vitu viwili ambavyo Mtume (s.a.w.) hakuvitenganisha. Salama bin Akwa' alikuwa Swahaba na mpokezi wa Hadithi, na alikuwa mkimbiaji. Tuwafundishe vijana wetu kubakiza pumzi katika mbio, katika hifdhi na katika umri.

Wallahu a'lam. Wabillahit-tawfiq.